Vita ya nje inang'oa wabunge Uingereza au ni kelele tu? Jibu kwa kijana wa Leicester

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi Mtanzania, niko Leicester mwaka wa tatu sasa, nasoma na usiku napiga kazi ghalani. Jumapili tulikuwa kwa bamdogo tunachoma nyama, stori zikahamia siasa za hapa. Bamdogo anasema Mwingereza kamwe hapigi kura kwa ajili ya vita ya nchi ya watu, mfano Blair kaipeleka nchi Iraq na bado akashinda 2005. Mimi nikamwambia mbona hapahapa Leicester 2024 mbunge wa Labour kaondoka kwa sababu ya Gaza. Tumewekeana dau la mbuzi. Nani kashinda? Na uchaguzi ujao itakuwaje? Halafu Mkongo ninayeishi naye nyumba moja anadai sisi wageni hatupigi kura mpaka tuchukue uraia, ni kweli?

JIBU: Marahaba kijana, hujambo. Hilo dau mngeniuliza kabla hamjafika kwenye mbuzi, maana kila mmoja wenu kashika nusu ya ukweli na mbuzi hagawanyiki akiwa hai. Siasa za hapa nimezifundisha madarasa ya jioni miaka mingi, na siku za uchaguzi nimekaa ukarani kwenye vituo mara kadhaa, kwa hiyo nitakujibu kwa namba na kwa niliyoyaona, na ukimaliza kusoma mpelekee na bamdogo.

Tuanze na Tony Blair, waziri mkuu wa Labour wakati ule, kwa kuwa ndo silaha ya bamdogo. Ni kweli alishinda Mei 2005, mara ya tatu mfululizo, ila huo ushindi ufungue ndani uangalie. 2001, kabla ya Iraq, Labour ilipata asilimia 40.7 ya kura na ikawazidi wapinzani wote kwa jumla ya viti 167. 2005 ikapata asilimia 35.2 na ile ziada ya 167 ikabaki 66. Yaani viti mia moja vya ziada vimeyeyuka, na walioongeza asilimia ya kura zaidi ni chama cha Lib Dems cha Charles Kennedy ambao waliipinga ile vita tangu mwanzo, wakafika wabunge 62. Haikuwa Iraq peke yake, kulikuwa na hasira za ada za vyuo vikuu pia, lakini ukiwauliza waliokuwa wanagonga milango kuomba kura mwaka ule watakwambia neno walilokuwa wanakutana nalo mlangoni ni Iraq, Iraq, Iraq. Na Conservative wasingeweza kuvuna hapo kwa sababu na wao waliunga mkono vita, kwa hiyo mtu mwenye hasira anakwenda wapi? Hapo ndo Blair aliponea.

Kuna kitu kimoja cha usiku ule sijawahi kukisahau. Hapa Uingereza matokeo ya jimbo yakisomwa wagombea wote wanapanda jukwaani pamoja, awe waziri mkuu awe mtu aliyekuja kuchekesha na kofia ya ndoo kichwani, wote mstari mmoja. Sasa jimboni kwa Blair, Sedgefield, aligombea mzee mmoja anaitwa Reg Keys, mtoto wake alikuwa mwanajeshi akauawa Iraq Juni 2003. Alipata kura 4,252, kama asilimia 10 hivi, Blair kapata zaidi ya elfu ishirini na nne. Lakini mshindwa naye anapewa nafasi ya kuongea, basi yule mzee akasimama kwenye maiki akamzungumzia mwanae na wenzie waliokufa, akasema anatumaini ipo siku waziri mkuu ataweza kuomba radhi, na Blair yuko nyuma yake hatua chache, kamera imemkaa usoni, hana pa kukimbilia, uso umekauka kama wa mtu aliyefumaniwa. Kashinda, ndio. Ila angalia ule uso halafu uniambie vita haikumfanya kitu.

Na haikuishia hapo. Mwaka uliofuata, 2006, Israel ikapigana na Hezbollah Lebanon, Blair akagoma kutaka vita isimamishwe mara moja, wabunge wake mwenyewe wakachoka. Septemba ile wakaandika barua aondoke, kuna waliojiuzulu vyeo vidogo vya serikali, akalazimika kusema ndani ya mwaka mmoja atakuwa ameng'atuka. Juni 2007 akaondoka kweli. Sanduku la kura halikumtoa, walimtoa watu wa chama chake, na hicho ndicho bamdogo anachokikosa: vita ya nje Uingereza mara nyingi inamla mtu, chama kinabaki. Waziri mkuu Anthony Eden wa Conservative aliuvamia mfereji wa Suez kule Misri 1956 pamoja na Wafaransa na Waisraeli, Marekani ikambana kwenye hela mpaka akasalimu amri, Januari 1957 kajiuzulu. Unadhani Conservative waliadhibiwa? Wakaweka Harold Macmillan, uchaguzi wa 1959 wakashinda kwa ziada ya viti 100.

Sasa bamdogo akiona amebanwa atarukia kwa Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Conservative, namjua mtu wa aina ya bamdogo hata kama sijaonana naye. Atakwambia vita ya visiwa vya Falklands ndo ilimpa ushindi 1983, kwa hiyo vita inaleta kura. Hii stori wanaipenda hata waandishi wakubwa. Argentina walivamia visiwa Aprili 1982, katikati ya Juni Waingereza wakavirudisha, askari 255 wa Uingereza wamekufa, mwaka mmoja baadae Thatcher akazoa viti 397. Inaonekana wazi kabisa eti. Ila chukua kalamu: 1979, kabla ya vita yoyote, Thatcher alipata asilimia 43.9 ya kura na viti 339. 1983, baada ya ushindi na mabendera yote yale, asilimia 42.4. Kura zimeshuka, viti vimepanda! Kwa nini? Kwa sababu Labour ilishapasuka, kundi likatoka likaanzisha chama cha SDP 1981, likaungana na chama cha Liberals, wapinzani wakagawana: Labour asilimia 27.6, wale muungano asilimia 25.4. Na wale wa 25.4 wakaambulia viti 23 tu, dhuluma ya kisheria kabisa hiyo. Sisemi Falklands haikumsaidia, ilimsaidia, 1981 alikuwa kwenye hali mbaya sana na ile vita ilimpa sura ya mwanamke chuma, ila kilichompa viti 397 ni wapinzani kugawana mbao.

Hapo ndo nataka ukae kidogo kwa sababu ukikielewa hiki umeelewa siasa zote za hapa. Kuna majimbo 650, kila jimbo anashinda mwenye kura nyingi hata kama ni asilimia 27, hakuna duru ya pili kama ile ya urais Kenya. Kwa hiyo swali la "Waingereza wanajali vita au hawajali" kwangu ni swali bovu. Uliza wanaojali wanaishi wapi, wako wangapi kwenye jimbo moja, na je kuna mtu wa kumpa kura? Watu milioni wakiandamana London, kama ilivyokuwa tarehe 15 Februari 2003, wakirudi makwao kila mtu jimbo lake, hasira yao imetawanyika kama chumvi kwenye bwawa. Watu elfu kumi wakiwa mitaa miwili mitatu ya Blackburn, hiyo ni pilipili kwenye kikombe.

Na Blackburn ndo mfano wangu mzuri kuliko hata Leicester yenu. Jimbo la Labour tangu 1955. Mwaka 2005 mbunge wake alikuwa Jack Straw, tena ndo alikuwa waziri wa mambo ya nje wakati Iraq inavamiwa, yaani mtu mwenye vita yake kabisa, na jimbo lina Waislamu wengi sana. Akapingwa na Craig Murray, aliyekuwa balozi wa Uingereza Uzbekistan akagombana na serikali. Murray kaambulia kura kama elfu mbili, Straw kapita kwa tofauti ya zaidi ya 8,000. Bamdogo angecheka sana siku ile. Songa mbele mpaka Julai 2024, jimbo lilelile, Labour kapoteza kwa kura 132, kachukua mgombea binafsi Adnan Hussain, na Craig Murray alikuwemo tena, safari hii kapata zaidi ya kura 7,000, maana yake zile kura za hasira zilikuwa nyingi kiasi kwamba hata zilipogawanyika mara mbili bado zilitosha kumtoa Labour.

Kilichobadilika ni nini hapo kati? Sio kwamba watu waliumia zaidi, 2003 nako waliumia. Kilichobadilika ni kwamba 2024 kulikuwa na mashine. Madiwani wa Labour wa pale walishajitoa chamani tangu mwishoni mwa 2023, na diwani ndo mtu anayejua nyumba ipi ina wapiga kura watano na ipi bibi anahitaji lifti kufika kituoni. Kuna magrupu ya Whatsapp, kuna madereva teksi wanaojuana wote, kuna watu wa kubandika vipeperushi. Mtu akiwa na hasira bila mashine atapiga kelele Facebook halafu siku ya kura atampigia yuleyule wa siku zote kwa kuwa hata yeye hajui mwingine ni nani.

Sababu ya wale madiwani kuondoka unaikumbuka. Oktoba 2023 Keir Starmer, wakati huo bado kiongozi wa upinzani, alihojiwa redio ya LBC kuhusu Gaza kukatiwa umeme na maji, akajibu kwa namna ambayo watu wengi walimwelewa kwamba Israel ina haki hiyo. Baadae akafafanua kwamba alimaanisha haki ya kujilinda, lakini kipande kilishazunguka simu zote. Halafu tarehe 15 Novemba likaja bungeni pendekezo la SNP, chama cha Scotland, la kudai vita isimamishwe, Starmer akawaambia wabunge wake wasiliunge mkono, 56 wakamkaidi.

Na hizi kura za bungeni usizione ndogo. Wabunge wa hapa hawabonyezi kitufe, wanatembea. Kengele inalia jengo zima, hata kwenye baa za jirani zipo kengele zake, wanakuwa na dakika nane, wanaosema ndio wanapita ukumbi mmoja wanaokataa ukumbi mwingine, wanahesabiwa kama mbuzi wanaotoka zizini, milango inafungwa. Ukichelewa na bia yako mkononi, imekula kwako. Kwa hiyo kila mtu anaonekana kaingia mlango upi na jina lake linachapishwa, na miezi minane baadae lile jina liko kwenye kipeperushi mlangoni kwa mpiga kura. Pamoja na yote hayo bunge halina nguvu ya kisheria ya kuzuia vita, kura ya Iraq ya Machi 2003 (412 kwa 149) ilikuwa hiari ya serikali, ikazaa desturi tu. Waziri mkuu David Cameron aliiheshimu 2013 alipotaka kupiga Syria, akashindwa 285 kwa 272, akaacha. Lakini waliomfuata kwenye kiti hicho, Theresa May 2018 kaipiga Syria bila kuuliza mtu, Rishi Sunak Januari 2024 kawapiga Wahouthi Yemen vilevile.

Haya, Leicester. Leicester South, Jonathan Ashworth, mtu aliyetarajiwa kabisa kuwa waziri, 2019 alishinda kwa zaidi ya kura 22,000. Akapoteza 2024 kwa kura 979 kwa Shockat Adam, mgombea binafsi. Hapo uko sahihi, Gaza ilikuwa katikati. Ila ndugu yangu usidanganyike kwamba mji mzima ulikuwa hivyo, maana jirani hapo Leicester East Labour nayo ilipoteza usiku uleule, na mshindi akawa Conservative! Nchi nzima, Conservative wanachinjwa kila kona, jimbo pekee walilonyang'anya kwa mtu mwingine lilikuwa hilo la kwenu. Gaza haikuwa hadithi pale. Labour iligawanyika vipande, wabunge wawili waliowahi kulishika jimbo hilo kwa tiketi ya Labour, Keith Vaz na Claudia Webbe, wote waligombea nje ya chama, na kulikuwa na manung'uniko ya muda mrefu ya jamii ya Wahindi wa pale, wengi wao ni familia zilizotoka Uganda, Kenya na kwetu, hao wazee unaowasikia dukani wakikuambia "habari ya siku nyingi". (Wale wa Uganda walipofukuzwa na Amin 1972 halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Kampala kuwaomba wasije. Wakaja. Sasa wanaamua nani awe mbunge.) Majimbo mawili, mtaa kwa mtaa, sababu tofauti kabisa.

Wabunge wengine wa Labour walioponea chupuchupu 2024: Wes Streeting Ilford North alipita kwa kura 528. Jess Phillips Birmingham Yardley kwa kura 693, na huyu alikuwa kati ya wale waliojiuzulu nafasi ili wapige kura ya kusimamisha vita, bado nusura wamtoe. Wagombea binafsi wa namna hiyo walioingia ni wanne, Leicester South, Blackburn, Birmingham Perry Barr, na Dewsbury and Batley, ukimweka na Jeremy Corbyn wa Islington North, aliyewahi kuiongoza Labour, wanakuwa watano. Kwetu mgombea binafsi bado ni ndoto aliyokufa nayo Mchungaji Mtikila pamoja na kushinda kesi mahakama ya Afrika 2013, kwa hiyo naelewa ukiona watano unashangilia. Lakini kati ya 650 ni watano. Labour wakati huohuo imechukua viti 411 kwa asilimia 33.7 tu ya kura. Kijuujuu bamdogo kashinda tena.

Ila kuna vita moja hamkuitaja kabisa kwenye nyama choma yenu na ndo iliyopiga kura nyingi kuliko zote. Ukraine. Vyama karibu vyote viliiunga mkono Ukraine kwa hiyo hakukuwa na ubishi, hakuna aliyeandamana. Lakini gesi ilipanda. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1, haujawahi kuonekana kwa miaka 41. Kama ungekuwa hapa majira yale ungeona watu kwenye foleni ya duka la kona wameshika kadi ya mita wanaongeza paundi kumi kumi, nyumbani wanavaa makoti ndani, mtoto anakoga maji ya birika. Halafu katikati ya hali hiyo akaja waziri mkuu Liz Truss na bajeti yake, riba za mikopo ya nyumba zikaruka. Hakuna mtu 2024 aliyeniambia nampigia huyu kwa sababu ya Ukraine, ila wengi sana walipiga kwa sababu ya bili, na bili ilikuwa na baruti ndani yake. Vita inapoingia jikoni haiji na jina lake.

Kwa hiyo hukumu ya dau: mbuzi mle wote, bamdogo atoe mkaa na ndimu kwa kuwa yeye ndo alisema "kamwe", na neno kamwe kwenye siasa za hapa ni la gharama. Churchill mwenyewe, kaishinda Ujerumani Mei 1945, babu zetu wa keya bado wako Asia wanasubiri meli, Julai yuko Potsdam anapanga dunia na Stalin na Truman, akaja nyumbani kusikiliza matokeo, hakurudi tena, akarudi Attlee wa Labour kukaa kiti chake. Watu walitaka nyumba na hospitali.

Uchaguzi ujao sasa. Kisheria lazima uwe umefanyika kufikia katikati ya Agosti 2029, waziri mkuu anaweza kuuita mapema akitaka. Sitakutabiria mshindi, waliotabiri mapema wengi wameaibika. Ninachokiona ni kwamba kura zimegawanyika kuliko wakati wowote tangu nianze kuzifuatilia: kuna Labour, Conservative, Reform ya Farage, Lib Dems, Greens, Corbyn na Zarah Sultana nao walianza chama chao 2025, Scotland na Wales wana vyao. Wakigawana hivyo jimbo linaweza kwenda kwa asilimia 26 au 27, na hapo kikundi kidogo chenye jambo moja, iwe Gaza, iwe boti za wahamiaji, kinakuwa na uzito ambao zamani hakikuwa nao. Mei 2025 jimbo la Runcorn and Helsby kwenye uchaguzi mdogo Reform walimpokonya Labour kwa kura sita. Sita! Hao ni watu wa gari moja la familia. Labour ilishalijua hilo, na sidhani ni bahati tu kwamba Septemba 2025 serikali iliitambua Palestina kama nchi, ingawa wenyewe watakwambia ni diplomasia.

La mwisho, la huyo Mkongo wenu. Yuko sahihi kwa upande wake, kakosea kwa upande wako. Sheria ya hapa inaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali kupiga kura hata ya ubunge, bila uraia. Mtanzania, Mkenya, Mganda, na Mnyarwanda pia tangu nchi yake ilipojiunga 2009. Mkongo na Mrundi hapana. Viza ya mwanafunzi haikuzuii. Unajiandikisha mtandaoni kwa dakika tano, uwe na namba yako ya bima ya taifa, na usingoje dakika za mwisho kwa sababu daftari linafungwa siku 12 za kazi kabla ya kura.

Siku yenyewe vituo viko wazi saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku, na kitambulisho cha picha ni lazima. Kadi ya chuo haikubaliki, NIDA haikubaliki, ila paspoti ya Tanzania inakubalika. 2024 nikiwa kituoni kaingia mama mmoja na kitenge chini ya koti, kamfuata karani mwenzangu, katoa paspoti ya kijani ile ya zamani, imeisha muda. Mwenzangu akaigeuza geuza, akaniangalia. Nikamwonesha kwenye kile kitabu chetu cha maelekezo: ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, hata ikiwa imeisha muda ili mradi sura ni yake. Akatafuta jina, akalipigia mstari kwa rula, akampa karatasi. Mama akaenda kwenye kibanda, akakaa humo muda mrefu kweli, nikasikia anacheka peke yake, alipotoka akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, hii penseli mmeifunga kamba, mnaogopa tutaiba?"